Siku Tano Bila Neno

Tabata Kimanga,
Dar es Salaam.
11 Mei.

Kaka Alfonsi,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepona, maana tulipoongea mara ya mwisho ulikuwa unakohoa kila baada ya maneno mawili. Mama naye anaendeleaje na miguu yake? Mwambie unga wa ulezi ulifika salama na tumeshaumaliza. Sie huku ni wazima. Mvua imenyesha wiki mbili mfululizo, njia ya kwetu ni tope tupu, lakini nyumba haivuji.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu ningeyasema nusu, wewe ungenihurumia, nami ningeishia hapo. Naomba uisome barua hii mpaka mwisho, kisha uamue unavyoona.

Unakumbuka nilikuambia nimepata kazi ya muda ya utafiti. Tulikuwa wadodosaji kumi na wawili, msimamizi wetu ni Bwana Nikodemu, mtu mpole anayependa kurudia maelekezo mara tatu. Kazi ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba upande wa Mbagala na vishikwambi vyetu, kuwauliza wazazi wanaishije na watoto wao: nani anamwamsha mtoto, nani anakula naye, akikosea anafanywa nini. Baadaye tulikwenda shuleni kwa mwalimu wa darasa kuuliza mtoto huyo huyo ana tabia gani. Majibu ya nyumbani yanawekwa pamoja na ya shuleni, halafu wataalamu wanaangalia kipi kinaendana na kipi.

Kabla ya kutoka tulifundishwa siku tatu, na siku ya mwisho tuliulizana wenyewe kwa wenyewe ili kuzoea maswali. Aliyeniuliza mimi anaitwa Tupokigwe. Aliuliza kama huwa nampiga mtoto, nikasema sijawahi. Kumtukana? Sijawahi. Kumnyima chakula? Hapana. Hayo yote ni kweli, na nilijisikia vizuri kuyasema mbele ya wenzangu. Kisha akauliza kama kuna wakati mtoto akikosea naacha kumsemesha. Nikasema hapana. Akabonyeza, tukaendelea.

Wiki ya pili, siku ya Ijumaa, niliingia kwa mama mmoja anayeitwa Hamida, anakaanga vitumbua mbele ya nyumba yake. Alinijibu huku anageuza vitumbua. Alisema ndiyo, anachapa, na kandambili ndiyo iliyo karibu. Ndiyo, anafoka, majirani wote wanajua. Tukiwa katikati, binti yake wa miaka kumi akafika kutoka shule na kiatu kimoja mguuni. Hakuulizwa. Alisema mwenyewe kwamba kingine kimetumbukia mtaroni walipokuwa wanarushiana, na yeye ndiye aliyeanza. Mama yake alimfokea mpaka mimi nikainamisha macho, akamzaba kibao cha bega, kisha akampa vitumbua viwili na kumwambia akae kivulini asimulie mtaro gani.

Swali lililofuata lilikuwa kama mtoto humweleza mzazi mambo yanayomsumbua. Hamida alicheka. Akasema, "Huyu? Hata ndoto zake ananisimulia, na mie sina nafasi ya kusikiliza."

Sisemi kile kibao ni kizuri. Mwalimu wake baadaye alitueleza kwamba yule binti ni mgomvi na anawachapa wenzake, na hilo nililiandika pia. Nakueleza nilichokiona tu. Jioni hiyo nilirudi nyumbani nikamkuta mwanao Sesilia ameosha vyombo, amefagia, amekaa kwenye mkeka na madaftari yake. Aliniamkia. Nikaitikia kwa kichwa.

Nilikuwa sijamsemesha tangu Jumatatu. Jumatatu alikuwa amevunja chupa ya chai. Sikufoka, sikumgusa. Niliokota vigae, nikapanguza sakafu, nikanyamaza. Chakula alikuta kimepakuliwa, sare alikuta imepigwa pasi, lakini neno hakupata. Si mara ya kwanza, kaka. Tangu mama yake, marehemu Felicitas, atutoke na wewe ukamleta kwangu, hivyo ndivyo ninavyomrudi. Huwa inachukua siku mbili, mara nyingine tatu. Mwenyewe niliona ni njia ya kistaarabu, kwa sababu baada ya hapo anakuwa mtulivu sana. Kila ulipopiga simu nilikuambia kwamba mtoto ametulia, hana shida yoyote. Nilijivunia hilo.

Jumamosi asubuhi nilichukua soksi zake kufua. Moja ilikuwa imegandamana na ina harufu. Nilimwita, na jina lake lilikuwa neno la kwanza kumwambia baada ya siku tano. Alikuja akikanyagia kisigino. Unyayo ulikuwa umevimba na kung'aa, mwili unachemka. Jumatano alikuwa amekanyaga msumari kwenye nyumba inayojengwa nyuma ya shule. Alikuwa ameufunga mguu kwa kitambaa, akavaa soksi, akaenda shule Alhamisi na Ijumaa.

Hospitali walimpasua kutoa usaha, wakamlaza siku sita. Daktari aliogopa kwamba umeingia kwenye mfupa, na kwa siku mbili za mwanzo hakutaka kuniambia kama mguu utabaki ulivyo. Ulipopiga simu wiki ile, nilikuambia ana malaria. Haikuwa malaria. Nilikudanganya, na sikukudanganya kwa ajili ya kukuondolea wasiwasi. Niliogopa utauliza ilikuwaje akakaa na msumari siku tatu ndani ya nyumba yenye mtu mzima.

Daktari yeye aliuliza. Alimuuliza Sesilia mwenyewe, mimi nimesimama pembeni, kwa nini hakusema mapema. Mtoto aliniangalia kwanza mimi. Kisha akajibu taratibu, kama mtu anayeeleza utaratibu wa kawaida wa nyumbani: "Nilikuwa nasubiri shangazi aanze kuongea."

Daktari aliandika, akatoka.

Niliporudi kazini nilimweleza Bwana Nikodemu kwamba kuna jibu nililolitoa wakati wa mafunzo na halikuwa la kweli, nikaomba lirekebishwe. Alisema majibu ya mazoezi yalishafutwa, hayaingii popote, nisijisumbue. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Mguu umepona. Anatembea sawa, kovu lipo, juzi nimemwona anaruka kamba. Nami najilazimisha kusema naye siku hiyo hiyo, hata kama ninachosema ni kwamba nimekasirika. Mara moja nimeshindwa, tangu asubuhi hadi jua kuzama. Alikaa karibu na mlango akinisubiri, mpaka nikaona aibu nikamwita tule. Siwezi kukuahidi kwamba nimekuwa mtu mwingine.

Shule zinafunga mwezi wa sita. Njoo, kaka. Ukitaka kumchukua akaishi na wewe na mama huko Mbinga, sitakuzuia wala sitanuna. Ukimwacha, nitashukuru. Nilimuuliza yeye anapenda ipi. Akafikiri, akaniambia kwamba hilo atakuambia wewe mwenyewe.

Msalimie mama, mpe shikamoo yangu. Wasalimie na majirani wote wanaonikumbuka, na usiache kunywa dawa ya kifua.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, imekunjwa mara nne na kubandikwa kwa gundi ya shule. Ni ya Sesilia. Ameiandika siku mbili, pande zote mbili. Sijaisoma.

Mdogo wako,
Yustina