Mkilua wa Nyuma ya Jiko

Mtopanga, Mombasa
Mwezi wa Shaabani, 1946

Kwa ndugu yangu mpenzi Johari,

Salamu nyingi zikufikie huko Malindi, wewe na shemeji, na Mola azidi kuwapa afya. Mimi ni mzima, ila mgongo unaniuma kwa kazi ya jembe. Mama naye yu hai na anakusalimu, ingawa ni miezi sasa hujamuulizia hali. Usiikunje barua kwa kuwa nimemtaja. Nisome hadi mwisho.

Kwanza ujue tumehama. Mwenye ardhi ameiuza ile sehemu yetu ya Kisauni, na aliyeinunua anataka kujenga maghala. Nyumba ilikuwa yetu, ardhi haikuwa yetu. Ndivyo tulivyo wengi huku. Tumepata mahali Mtopanga, na jirani yetu Mohdhar alitusaidia kukandika kuta.

Mama alikataa kuiacha bustani yake. Unaijua: kila mche aliuokota mwenyewe msituni, katika matembezi yake ya baada ya alasiri. Basi tukawa tunahamisha. Asubuhi tunang'oa, tunafunga mizizi kwa majani ya mgomba, tunatia pakachani, tunashika njia. Mama hutembea polepole, akisimama penye vichaka kunionyesha mnavu na mwangajini, akichuma mchunga wa mboga ya mchana, akinung'unika kwamba msitu unakwisha kwa mapanga ya watu. Tukahamisha mkadi wa mlangoni na mirihani yote.

Ukabaki mkilua wa nyuma ya jiko. Siku ya mwisho nilichukua jembe niuchimbue. Mama alikuwa barazani akikunja mikeka. Aliposikia jembe likipiga, alikuja mbio, yeye ambaye magoti yanamtesa, akaukamata mpini kwa mikono miwili.

"Salme, hapo usichimbe!"

Nikamwambia kwamba tukiuacha, watu wa maghala wataukata. Akaketi pale pale mchangani. "Chini yake yuko nduguyo," akasema.

Johari, siku uliyozaliwa hukuja peke yako. Alikufuata mtoto wa kiume, naye hakulia. Mimi nilikuwa nimepelekwa kwa shangazi, sikujua lolote. Marehemu baba alimkunja katika kitambaa cheupe, akamzika nyuma ya jiko, kisha akaenda msituni akarudi na mche wa mkilua. Mkunga akaapishwa asiseme. Mama alihofu maneno ya watu, wasije wakakwambia umemla mwenzio tumboni. Yeye na baba hawakulizungumza tena hadi baba alipofariki.

Nikamuuliza kwa nini hakukwambia alipokuja kwako baada ya Idi, ulipompoteza mwanao. Najua uchungu wako. Ulisema alikaa kama jiwe, hakutoa hata chozi, kisha akapanda lori la alfajiri akarudi zake. Akanijibu kwamba alipokiona kile kitambaa cheupe mikononi mwa shemeji, alijiona yeye. Angefungua kinywa angemlilia wa kwake, na msiba ule ulikuwa wako. "Nilikimbia," akasema. "Wallahi, nilimkimbia mwanangu."

Tulimwendea Maalimu Sheikhan, anayesomesha watoto hapa. Akasema maiti hasumbuliwi pasipo dharura, lakini kumwacha chini ya msingi wa ghala hakufai. Akaja nasi Kisauni mwenyewe, yeye na Mohdhar, wakachimba taratibu, mwisho kwa mikono. Hawakupata kitu, Johari. Si mfupa, si uzi wa kitambaa. Mizizi tu. Mama akauliza, "Basi amekwenda wapi?" Maalimu akauchota udongo wa pale, akautia katika kitambaa kipya, tukauzika makaburini ubavuni mwa baba, akasoma dua. Mkilua tuliupanda hapa uani, lakini ulikuwa umekomaa mno, haukustahimili. Majani yamepukutika yote.

Tangu hapo mama hatoki kutembea. Namwita alasiri ikipita, ananiambia kesho.

Jana nilipokuwa namsuka aliniuliza kama ulimpa mwanao jina. Nikamwambia sijui. Akasema yeye wake hakumpa, alidhani asiye na jina atasahaulika upesi, na haikuwa hivyo. Ndipo akaniomba nikuandikie. Anasema wewe ndiwe uliyekaa naye tumboni, ulimjua kabla yetu sote, basi umpe jina wewe. Na kama mwanao analo, anaomba alijue, apate kuwaombea wote wawili.

Sikulazimishi kumsamehe. Lakini jibu lako mwandikie yeye, si mimi. Nitamsomea.

Mohdhar na mkewe wanakusalimu. Nisalimie shemeji, na mwambie kazi ya pamba isimmalize. Ujilinde na umande wa asubuhi, na ule vizuri.

Wasalaamu, ni mimi dadako akupendaye,
Salme