Fishi za Profesa Barthélemy

Jumatatu, 3 Agosti 1992
Leo nimepata kazi ya akili! Profesa Barthélemy amechagua vijana sita wa mtaa wetu wa Kikula. Mwenye kichwa ni mimi Hervé, wengine ni miguu tu. Profesa alifundisha sosiolojia Lubumbashi, na kabla ya hapo alikuwa kapiteni katika ujasusi wa jeshi. Hapigi kelele. Anakutazama tu, unakumbuka dhambi zako. Kazi yetu: nyumba kwa nyumba, kujaza fishi, kadi moja kwa kila mwenye nyumba. Jina, kabila, babu alizaliwa wapi. "C'est la science, ni sayansi, kijana." Ndiyo, Prof!

Alhamisi, 6 Agosti
Nyumba arobaini! Sawa — kumi nimezijaza nikiwa nimekaa na Rolly, mwenzangu wa kazi, kwa muuza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi. Mama Eugénie, jirani yetu, aliniita pumbafu mbele ya binti yake Joëlle. Nikamwandika: Kasai, mgeni. Naye ni mtu wa Kapolowe, mwenyeji kabisa! Rolly alicheka mpaka munkoyo ukamtoka puani.

Jumatano, 19 Agosti
Kumbe fishi ni za kazi hii: kuwafukuza wote wenye asili ya Kasai.
Vijana wenye nondo walikuwa na fishi zetu mkononi. Wanasoma namba ya mlango, wanaingia. Mzee Barnabé, fundi cherehani, alizaliwa hapa hapa — babu yake ndiye aliyetoka Kasai. Walimvunja mikono yote miwili juu ya mashine yake. Nilisikia mfupa. Mke wake Mwadi walimburuta kwa nywele mpaka barabarani, nyumba ikawaka. Watu wanakimbilia gare, kwenye treni, na magodoro kichwani. Profesa amesimama ng'ambo ya barabara, suti safi, anaandika, anaangalia saa. Mimi nilipiga mayowe kama wengine. Na jiwe nilitupa. Moja tu.

Alhamisi, 20 Agosti
Kesho ni zamu ya avenyu yetu. Nilienda kwa Profesa. Nikamwambia fishi ya Mama Eugénie ni ya uongo, nilikuwa nacheza. Akafuta miwani.
"Kijana, fishi moja ikiwa ya uongo, zote ni za uongo. Na zangu si za uongo."
Akasema kesho nitangulie mbele, maana ule mlango ninaujua. Mimi na mdomo wangu wote huu — nikasema ndiyo.

Ijumaa, 21 Agosti, saa nane mchana
Sikutangulia. Nimeingia kwa Mama Eugénie kwa nyuma. Mama, kimbia!
Anasonga bukari. "Nikimbie nini? Minye ni wa Kapolowe, bote banajua. Weye umelewa lutuku?"
Sikumwambia kwamba mimi ndiye nilimwandika Kasai. Joëlle peke yake amenisikiliza, ameruka ukuta.
Wamefika. Niko nyuma ya mlango wa jikoni, naandika. Mama yuko mlangoni na mwiko, anawatukana kwa Kisanga, lugha ya kwao Kapolowe. Rolly anamjibu: fishi imesema Kasai, mama, toka. Nondo imepiga kitu. Yowe! Ni yeye.
Sasa ananiita. "Hervé! Toka useme! Nilikubeba mu mugongo — baambie minye ni nani!"
Halafu sauti ya Profesa, polepole: basi atoke, tumsikie. Mimi bado naandika.