Migomba ya Baba Kule Machimboni

Idsowe, Garsen.
9 Novemba 2025.

Mpendwa ndugu yangu Job,

Hujambo huko Doha? Joto limepungua, au bado linawachoma? Sisi hapa tu wazima. Mama miguu inamsumbua, lakini ulimi wake hauna ugonjwa, anatuamrisha wote kama kawaida. Mpunga umeanza kushika.

Job, nimekwenda. Najua ulinikataza. Ulisema baba aliondoka kwenda machimboni wewe hujaota meno, na kwamba nitahangaika bure. Lakini wewe hukai na mama. Miaka yote amekataa kumkalia matanga, eti mtu asiyeonekana kaburi hajafa. Sikutaka azikwe yeye kabla hajamlilia mumewe.

Harrison, mtoto wa baba mdogo, alinipeleka kwa gari lake la Probox. Tulianzia Kakamega, kwenye machimbo ya zamani ya dhahabu. Hakuna aliyemjua. Harrison akataka turudi. Nikamwambia aelekee bonde la Kerio, kwenye machimbo mengine yaliyofungwa, la sivyo nashuka natembea.

Ndugu yangu, milima ile ungeiona. Msitu, ukungu, barabara imekatwa ubavuni mwa mlima, na chini kabisa bonde limelala. Nilifurahi na kuogopa kwa pamoja. Harrison, aliyejifunzia gari huku kwetu kwenye tambarare, aliteremka amekanyaga breki njia nzima mpaka magurudumu yakafuka moshi. Dereva wa lori la mbao akatusimamisha, akamfokea, akamfundisha kuteremka kwa gia ya kwanza. Tulicheka mpaka chini bondeni.

Mji wenyewe wa machimbo umebaki magofu. Mitambo imeshika kutu, nyumba za wafanyakazi nyingi hazina mapaa. Niliuliza kila niliyemkuta. Jina la baba, Enos, halikumkumbusha mtu. Harrison akaanza kuchezea funguo za gari, nikajua anatafuta namna ya kuniambia basi.

Ndipo nikaona migomba. Nyuma ya nyumba ya mwisho, kwenye mawe matupu, mtu alichimba mfereji kutoka bafuni, akapanda migomba ndani ya mashimo ili maji yatuame shinani, vile vile tunavyofanya hapa mto ukihama na kuliacha shamba kavu. Nikabisha hodi.

Akatoka mama mmoja, jirani wa baba wa siku zile. Walimwita Mtana tu, yaani mtu wa mto wetu, jina la Enos hawakulijua. Alinishika mkono akanipeleka kaburini, hapo hapo kando ya migomba. Kifua ndicho kilichomwua. Alikuwa akisema atarudi kwetu akipata cha kurudi nacho, akaona haya mpaka mwisho. Nilimkasirikia baba pale pale, kisha nikamlilia.

Nimerudi na mche mmoja wa migomba yake, nimeufunga kwa gunia lililoloweshwa maji. Mama aliupokea, akaipapasa mizizi, akakaa mchangani akalia mpaka majirani wakaja. Alipojifuta aliuliza wewe unakuja lini.

Shimo nimeshachimba kando ya mto, lakini mama hataki niupande. Anasema atakayeupanda ni wewe, uliyeachwa ukiwa mchanga. Basi omba likizo leo, usinipe hadithi. Mimi nimevuka milima na Harrison asiyejua breki. Wewe panda ndege.

Harrison anakusalimu, na shangazi Metrine pia. Mungu akufunike huko ugenini na akufungulie njia ya kurudi.

Mche uko kivulini, naunyunyizia maji kila asubuhi. Hautangoja sana, na mama vile vile.

Ni mimi dadako, nikupendaye na kukungoja,
Elsie