Minazi Yangu Imekufa, Kaka Ataka Nihame

Mshauri mpendwa, assalaam alaykum. Nisaidie kabla sijapasuka, maana hapa Tiwi nimechoka na watu wangu wenyewe. Baba yetu, Mzee Sefu, hakuwahi kugawa shamba ila aligawa minazi, kila mtoto akampakia yake rangi, ya kaka yangu Swabir samawati na yangu nyekundu, nami nilipoachika nikajenga nyumba ya matofali chini ya minazi yangu, Baba mwenyewe akaja kuomba dua siku ya msingi, basi mwaka huu mdudu ameingia, minazi yangu yote imekufa, na Swabir kasimama barazani kwangu bila haya, "Mnazi umekufa, Hafsa, na haki yako imekufa nao, ardhi hukupewa." Nikamkimbilia Baba, nikamwambia, "Shikamoo Baba, nakuomba uandike nani ana nini ungali hai," akanijibu, "Mwataka kunizika na pumzi ninazo? Nimegawa minazi, yatosha!" Hati ya shamba bado ina jina la babu, aliyefariki mimi sijazaliwa, na juu ya hayo yote kila mavuno shangazi Mishi, dadake Baba, huja kutoka Gazi kudai nazi, nasi twamnung'unikia kwa kuwa aliolewa zamani na hapa hana mnazi hata mmoja. Nyumba hii ndiyo yote niliyo nayo mimi na wanangu. Nifanyeje nisitolewe?

Hafsa, Tiwi

Hafsa mwanangu,

Wa alaykum salaam. Pole kwa minazi, na pole kwa kaka asiye na haya. Lakini na wewe umeniudhi. Umesimamisha nyumba ya matofali mahali ambapo hukuuliza ni pa nani, ukatosheka na rangi kwenye gogo! Kwetu pwani mnazi ni kitu na ardhi ni kitu kingine, na kila mtoto wa Tiwi ajua hilo. Swabir hapo hakukosea, ingawa mdomo wake mchafu.

Ila na yeye hana chake. Wala Baba yako hawezi kuandika lolote leo, hata akikubali, kwa kuwa shamba ni la babu na mirathi ya babu haijafunguliwa. Na babu aliacha nani? Umewataja mwenyewe: Sefu na Mishi. Huyo mnayemnung'unikia kwa nazi ni mrithi wa shamba hilo tangu wewe hujazaliwa! Dini yetu yampa nusu ya fungu la kaka yake, na kuolewa Gazi hakumfuti. Mwenye mali aja kuomba nazi zake, nanyi mwamkunjia uso. Astaghfirullah.

Basi futa machozi. Usimtajie Baba kifo chake tena, hakuna mzee apendaye. Mtajie cha babake: "Twende tukaitimize haki ya babu, isimlemee kaburini." Hilo hatalikataa. Mirathi ifunguliwe kwa kadhi, mpimaji aje, kila mtu ajue mpaka wake. Fungu la Baba likishatoka, akupe penye nyumba yako kwa hiba, yungali hai, mbele ya mashahidi, pasajiliwe kwa jina lako, na nduguzo nao awafanyie haki. Usingoje wasia, maana kwa dini yetu mrithi hausiwi, wasia wa kumpa yeye hausimami.

Lakini kabla ya kwa kadhi, nenda Gazi. Siku ya kugawa, shangazi yako ataulizwa anataka upande gani, na huenda akaonyesha kidole palepale ulipojenga. Mpelekee nazi zake mlangoni, umwamkie, umwombe radhi. Na Swabir mwache nyumbani.