Mama na Mtoto Niliowachora kwenye Chupa ya Sumu

Alhamisi, Pasiansi

Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Joto limetubana. Nimekaa barazani na daftari hili magotini, na kalamu nimeikamata kwa nguvu hadi ukurasa wa kwanza nimeutoboa nikauchana. Nina hasira. Naiandika leo ili nisije nikajifanya baadaye kwamba ilikuwa huzuni.

Huzuni ingekuwa na staha. Hii haina.

Jumamosi iliyopita Suzana, binti wa mjomba wangu aliyeolewa Nansio, kisiwani Ukerewe, alishuka kwenye meli akiwa amembeba mwanawe Mbuke, mtoto wa miaka sita. Mbuke alikuwa anatokwa mate yasiyokoma, anatetemeka, jasho linamtiririka kama aliyemwagiwa maji. Kwenye zahanati ya kule walimwogesha, wakaona hali inazidi, wakasema apelekwe Mwanza upesi. Mimi nilipata habari jioni. Nikapika uji, nikautia kwenye chupa ya chai, nikakimbilia hospitali.

Suzana ndiye aliyenisimulia. Mbuke alikuwa na chawa. Bibi yake, mama mkwe wa Suzana, aliona dawa imewekwa juu ya kabati, akampaka mtoto kichwani, akamfunga kitambaa na kumwacha akicheza juani mpaka mchana. Dawa yenyewe ilikuwa ya kuua wadudu wa pamba.

Huyo bibi anaitwa Nyanjige. Nilimkuta amekaa sakafuni kando ya kitanda, miguu ameinyoosha. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia kwa sauti ya chini. Zahanati waliwaambia daktari wa Mwanza atataka kujua ni dawa gani, kwa hiyo bibi alipanda meli nao akiwa na chupa kutoka nyumbani, ameifunga kwenye ncha ya kanga. Akaifungua ili na mimi nione.

Nikaona.

Upande wa mbele kuna mwanamke anacheka, amempakata mtoto. Nyuma yao shamba la pamba nyeupe, na juu yao jani la kijani linadondosha tone. Mwanamke yule namfahamu. Mashavu yake niliyachora mimi. Na mtoto wake, na jani, na tone.

"Mimi sijui kusoma, mwanangu," Bibi Nyanjige akaniambia. "Lakini nilimwona mama na mtoto wanacheka. Nikajua ni dawa ya watoto."

Alinitazama kama mtu anayeuliza kosa lake ni lipi. Nilimimina uji kwenye kikombe, nikampa, nikanyamaza. Naandika hili kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote: nilinyamaza.

Mimi ni msanifu katika kiwanda cha uchapaji hapa mjini. Lebo, kalenda, mabango, kadi za harusi, vyote vimepita mikononi mwangu. Kwa miaka kumi nilichora kwa penseli na wino. Mchoro ukiisha nilikuwa naubeba mpaka Mwaloni, pale Kirumba, nawaonyesha akina mama wanaouza dagaa, nawauliza: hiki ni nini? Siku moja nilipeleka bango la kuchemsha maji ya kunywa. Mama mmoja akaliangalia kwa makini, akaniuliza kwa nini sufuria inatoa nyoka. Mvuke wangu! Nikarudi nikaufuta, nikachora upya. Hakuna chuo kilichonifundisha zaidi ya akina mama wale.

Mwaka huu kiwanda kimenunua kompyuta. Bwana Fidelis, meneja wetu, aliikalisha kwenye chumba chenye feni na pazia, akanikabidhi. Na mimi nikaipenda. Nakiri. Nilipenda jinsi rangi zinavyobadilika kwa kidole kimoja, jinsi kosa linavyofutika bila kuacha alama kwenye karatasi. Tangu ije, sijakanyaga Mwaloni hata mara moja. Kwa nini nitembee juani wakati picha inang'aa mbele yangu, nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora?

Lebo ya dawa ile ilikuwa kazi yangu ya kwanza kwenye mashine hiyo. Walioileta ni kampuni ya watu binafsi, mojawapo ya hizi zilizoibuka tangu biashara ifunguliwe. Zamani dawa ya pamba ililetwa na ushirika, kwenye kopo lenye fuvu la kichwa kubwa jeusi, na bwana shamba alikuja nayo mwenyewe, akawakusanya watu, akawaonyesha pampu inavyoshikwa na nguo inavyofuliwa. Hakuwa malaika, wapo waliomsubiri msimu mzima asifike. Lakini alikuwa mtu, unaweza kumwuliza. Siku hizi dawa iko rafuni dukani, kati ya sabuni na mafuta ya nywele, na anayeizungumzia ni lebo peke yake.

Nami ndiye niliyeipa lebo mdomo.

Nilikuwa nimeweka fuvu kubwa mbele. Mwakilishi wa kampuni akasema linatisha wateja, wao wanataka familia yenye furaha. Bwana Fidelis akakaa kwenye kiti changu, akalibana fuvu langu pale kwenye kioo mpaka likawa kama punje ya mtama, akalisukumia nyuma ya chupa, chini ya maelezo ya Kiingereza. Haikuchukua hata dakika moja. Unajua mimi nilifanya nini? Nilicheka. Nilisema mashine hii ni ya ajabu.

Jumatatu niliingia ofisini kwa Bwana Fidelis na chupa ya bibi mkononi, nimeiazima. Nikamweleza yote. Alisikitika kweli, aliuliza hali ya mtoto, akanitaka nimpelekee salamu. Halafu akasema maelezo yote yapo kwenye lebo, mtu akishindwa kusoma sisi tufanyeje. Nikamwuliza yapo kwa lugha gani. Akasema hiyo ni lugha ya biashara. Nikamwuliza ni mkulima gani wa Ukerewe anapalilia pamba yake kwa lugha ya biashara. Akaniambia nikapumzike, nimechoka.

Sikuwa nimechoka. Jumanne nilikwenda Mwaloni. Niliona aibu nilipofika. Mama Kulwa, yule wa nyoka wa kwenye sufuria, aliniuliza kama nilikuwa nimehama mji. Nikampa lebo, nikamwuliza swali langu la siku zote. Akasema ni mafuta ya kumpaka mtoto. Wa pili akasema ni dawa ya minyoo, kwa sababu ya lile tone. Wa tatu naye alisema ya watoto. Mmoja tu ndiye aliyesema sumu, na huyo aliijua kwa harufu, maana mume wake analima pamba Magu. Hakuna aliyeliona fuvu. Nilipowaonyesha kwa kidole, Mama Kulwa akadhani ni inzi.

Nilirudi na majibu yao nikiwa nimeyaandika. Bwana Fidelis aliyasoma, akaikunja karatasi vizuri, akanirudishia. Akasema wenye mali wameipenda lebo ilivyo na kesho wanakuja kuchukua mzigo uliobaki.

Basi Jumatano asubuhi niliwahi kazini. Nilikuwa nimechonga fuvu na mifupa miwili kwenye soli ya kandambili, kubwa kama kiganja, na chini yake neno moja: SUMU. Nikachukua wino mwekundu, nikaanza kupiga mhuri kwenye lebo zilizokuwa stoo. Nilipiga usoni kabisa kwa yule mwanamke anayecheka. Nilikuwa naona raha, sitadanganya. Bwana Fidelis alinikuta nimefika karibu na mwisho. Hakupaza sauti. Alisema nimemharibia mteja, na kama Ijumaa asubuhi sitakuwa kwenye kiti changu natengeneza lebo upya ilivyokuwa, basi nisirudi tena.

Ijumaa ni kesho.

Leo mchana nimekwenda hospitali kumrudishia bibi chupa yake. Mbuke amekunywa uji mwenyewe, ameshika kikombe kwa mikono miwili, na mikono haitetemeki. Daktari amesema atapona. Nilitaka kufurahi, lakini nilikuta Paulo amefika kutoka Nansio. Paulo ni baba wa Mbuke, na Bibi Nyanjige ndiye mama yake mzazi. Alikuwa amesimama dirishani, amempa mama yake mgongo.

Suzana alinivuta pembeni akanieleza. Wazee wa ukoo wamekaa kikao. Wanasema mwaka juzi Paulo alifiwa na mtoto mwingine wa kiume, na bibi ndiye aliyekuwa naye. Mtoto yule aliumwa surua, wote wanajua. Lakini sasa wanasema mkono wa bibi si msafi, na macho yake mekundu wameanza kuyataja kuwa ya mchawi. Macho yale ni ya moshi, mwanamke amebanika samaki tangu usichana wake! Wametuma neno kwamba asirudi nyumbani. Na mimi najua, kama kila mtu huku anavyojua, huwa wanafanywa nini vikongwe wanaorudi baada ya neno kama hilo.

Hapo ndipo nilipoacha kunyamaza.

Nilimwambia, "Paulo, picha iliyo kwenye chupa niliichora mimi. Mama yako aliisoma kama ilivyochorwa. Aliyekosea ni mimi na walionituma."

Hakugeuka. Alisema ananishukuru kwa kumtetea mama yake, lakini hata wao wa kijijini wanajua kwamba vitu vile vinatoka kiwandani, vinatengenezwa na mitambo. Kumbe hata yeye haamini kwamba nyuma ya picha ile kuna mtu. Nikaomba karatasi kwa muuguzi. Nikaiweka juu ya stuli, nikachora mbele yake: mashavu, kilemba, mkono uliompakata mtoto, jani, tone. Penseli haikusita hata mahali pamoja. Paulo aligeuka taratibu. Akachukua chupa, akailinganisha na karatasi, akarudia tena. Nilimwona uso unambadilika.

Bibi Nyanjige aliomba apewe na yeye aone. Akaitazama karatasi kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Mbona ulimchekesha?" akauliza.

Nilipiga magoti pale sakafuni nikamwomba radhi. Alinishika kichwa, lakini hakusema amenisamehe, na mimi sikumwuliza. Paulo alikaa chini kando ya mama yake. Baadaye akanisindikiza mpaka nje, akaniambia wazee hawatamsikiliza yeye, watasema mwana anamkingia kifua mama yake. Akasema, "Twende ukawaambie mwenyewe, dada."

Nimekubali. Meli inaondoka kesho asubuhi, saa ileile ambayo Bwana Fidelis atakuwa anakiangalia kiti changu. Bibi atabaki hapa na Suzana mpaka tutakaporudi na jibu.

Naogopa. Sijawahi kusimama mbele ya kikao cha wazee wa watu, tena mwanamke, tena mgeni. Sijui kama wataniamini. Sijui nikirudi nitakula nini. Na chupa zilizokwisha kutoka, zile ambazo mhuri wangu haukuzifikia, ziko wapi usiku huu? Ziko juu ya makabati mangapi?

Nimeshachonga penseli tatu. Nitawachorea mbele ya macho yao, mara nyingi kadiri watakavyotaka. Na kama ni lazima wapate wa kumnyooshea kidole, nitakuwa nimesimama hapo hapo.