Hapana ya Kwanza

Tehran, 8 Aban 1368 (30 Oktoba 1989)

Mama mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi imeanza.

Tasnifu inakwenda. Ule utenzi wa kale wa mapenzi nimeukatakata vipande: kuonana, kutengana, kukataliwa, mjumbe, kurudiana. Mwalimu anasema nguzo ni pale binti anapomfungia mlango mwana wa mfalme kwenye theluji. Ukiitoa hiyo, hadithi yote inaporomoka.

Alhamisi wazazi wa Siamak, yule kijana niliyekueleza, watakuja huko kutoka Isfahan kuniposa. Namtaka, mama. Wapokee vizuri.

Mwanao,
Nushin

Yazd, 17 Aban

Nushin wangu,

Salamu nyingi. Magoti ni yale yale.

Wageni walikuja. Nikawapa chai, matunda na vitamu vya baklava. Walipotoa neno nikajibu kama ada: "Binti yetu hana makuu, bado anasoma, tafuteni aliye bora." Loo! Wakashukuru, wakavaa viatu, wakaenda zao! Hawa wamelelewa na nani? Mamangu aliwarudisha watu wa baba yako mara mbili, na wakaja tena. Watarudi tu. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Mama yako

Tehran, 25 Aban

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo.

Wale wameishi Ujerumani miaka mingi. Kwao hapana ni hapana. Siamak hajibu barua zangu.

Nimeusoma tena utenzi. Mwana wa mfalme harudi mwenyewe, hurudishwa na mjumbe. Sisi hatuna mjumbe. Basi nenda wewe, mama.

Nushin

Yazd, 2 Azar

We mtoto! Mama wa binti akabishe hodi kwa watu, amtembeze mwanawe? Yazd nzima itanicheka. Vitabu vimekuharibu. Ngoja.

Mama yako

Yazd, 6 Dey

Nushin,

Mbona kimya? U mzima kweli?

Nimekwenda. Nilipanda basi hadi Isfahan, nikamwambia mama yake waziwazi: tunamtaka kijana wenu. Akanishika mikono, akalia. Ijumaa iliyopita walimvisha pete ya uchumba binti wa mjomba wake Siamak. Nikamaliza chai, nikarudi.

Nisamehe, mwanangu.

Mama yako

Tehran, 20 Dey

Mama,

Shikamoo. Mwili ni mzima. Roho imeuma, siwezi kukuficha.

Tasnifu nimeitetea. Mwalimu mmoja aliuliza: binti keshasema hapana, kwa nini mwana wa mfalme arudi? Nilikuwa na kurasa tele za jibu. Nikasema, kwa sababu mshairi alimhitaji arudi. Wakacheka, wakanipa alama nzuri.

Nakuja Ijumaa. Nipikie supu, tusilizungumze.

Siku wakija watu wengine, mama, wewe mimina chai. Nitajibu mwenyewe.

Mwanao,
Nushin