Ile Morfini Waliyokuchoma Wewe

Kaka Rama,

Ni mi, Yusufu, fundi namba moja wa Buyenzi. Usicheke. Tangu uondoke hakuna wa kunibishia, ndiyo maana najisifu peke yangu.

Naandika na mukono wa kushoto, herufi zinalala kama walevi. Wa kuume umepondeka. Jumatatu risasi zililia upande wa Nyakabiga. Nilikuwa chini ya taksi yako mbovu, nikashtuka, nikapiga teke kriki iliyoinua gari, likaushukia mukono. Mi niliyesema siogopi risasi!

Leo asubuhi wananipasua. Mama Goreti, muuguzi wa ganzi, atanichoma kwapani, mukono ulale mi nikiwa macho. Hapo sawa. Kisha akasema: "Nitachanganya na morfini kidogo."

Kaka, morfini!

Ile waliyokuchoma wewe, ulipoletwa na risasi tumboni! Asubuhi wakakuchoma, adhuhuri hukuiona. Tangu siku hiyo nyumbani hatuitaji jina. Mama anaiita sindano ya kuaga. Akisikia mutu kachomwa, anatoa kitenge cha matanga sandukuni, na mugonjwa bado anakunywa chai yake.

Nikasema apana. Nikaleta na mzaha: "Anza wewe, Mama Goreti." Hakucheka. Akakaa kitandani kwangu. "We mutoto, ganzi peke yake inaisha jioni. Jioni ni kuvrefe, marufuku kutoka nje, mi niko kwetu, hakuna atakayevuka barabara kuja kukuchoma tena. Na morfini ndani, itakuvusha mpaka karibu na asubuhi. Wenzangu wa zamu hawajui kuchoma ganzi, ila watahesabu pumzi zako, dawa isikuzidi. Kaka yako aliuawa na risasi, si na sindano."

Nikavuta shuka mpaka kidevuni. Mi, fundi namba moja!

Kisha nikakumbuka. Kabla ya ile sindano ulikuwa unauma shuka. Baada yake ukaniuliza kama nimefunga gereji. Ukanitukana, spana yako nimeiacha wapi. Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho niliyobaki nayo, na miaka yote nimeichukia dawa iliyonipa maneno hayo.

Nimekubali. Ila naogopa, meno yanagongana, najidai ni baridi. Bujumbura, baridi! Mama sijamwambia. Atatoa kitenge.

Wanaleta kitanda cha magurudumu. Kaa salama, Kaka. Nikitoka na mukono wangu, taksi yako nitaiwasha mwenyewe, nije nayo mpaka makaburini nipige honi. Ukisikia, ni mi. Usiposikia, nisogezee nafasi hapo ulipolala.

Yusufu wako